Dereva Bora wa Datsun: Kura Yangu Nampa Shekhar Mehta

Wanachuo wenzangu, kwa kurasa hizi chache naomba tuwape Simba na Yanga mapumziko, tuingie kwenye ubishi mwingine. Kwetu Kibiti ubishi wa madereva hauna msimu. Kaa stendi nusu saa tu, utasikia wazee wakibishana nani alikuwa mkali wa njia ya Kusini kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, enzi za kusubiri kivuko cha Ndundu na kulala njiani masika yakikolea. Kila mzee ana dereva wake, na hakuna anayekubali kushindwa.

Mimi ubishi wangu ni wa magari madogo. Katika historia yote ya timu ya Datsun kwenye mashindano ya Safari Rally, nani alikuwa dereva bora kuliko wote? Jibu langu ni Shekhar Mehta. Nitasimulia kwanza maisha yake, halafu nitazijibu hoja za wale wanaotaja majina mengine. Mwalimu mtarajiwa hawezi kutoa maksi bila kuonyesha zimetoka wapi.

Tuanze na uwanja wenyewe. Safari ilianza mwaka 1953 kama sherehe ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II wa Uingereza, ikizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Mataji yake yalitapakaa kotekote, na hata Tanzania tuna la kujivunia: Bert Shankland, aliyekuwa akiishi hapa nchini, alishinda mwaka 1966 na 1967 akiwa na Peugeot 404. Kwa kawaida mashindano yalifanyika wakati wa Pasaka, yaani masika yakiwa yamepamba moto, na hiyo ilikuwa makusudi. Njia ilikuwa karibu kilomita 5,000, na barabara hazikufungwa. Dereva alikutana na malori, ng'ombe, watoto wa shule na mito iliyofurika. Kila kituo cha ukaguzi kilikuwa na muda wake. Ukichelewa, unaandikiwa pointi za adhabu. Mwenye pointi chache ndiye bingwa.

Ukitaka kujua ugumu wake, tazama mwaka 1963. Magari 84 yalianza, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yalianza 93, yakamaliza 7 tena. Sisi wa Rufiji hatuhitaji kuelezwa sana hapo. Anayejua udongo mweusi wa bonde letu mwezi wa nne, ule unaoshika tairi kama ugali unavyoshika mwiko, anaelewa kwamba kumaliza tu si mchezo.

Datsun, magari yaliyotengenezwa na kampuni ya Nissan ya Japani, yaliingia Safari mwaka 1963. Wakati huo gari la Kijapani lilikuwa bado halijapewa heshima, na watu waliamini chuma imara kinatoka Ulaya. Wajapani wakarudi mwaka baada ya mwaka, wakiangalia nini kimevunjika, wanaenda kukirekebisha, wanarudi tena. Mwaka 1970 wakapata taji lao la kwanza. Hadi leo hesabu yao ni mataji 7: 1970, 1971, 1973, 1979, 1980, 1981 na 1982. Hayo yote yameletwa na madereva wawili tu. Edgar Herrmann, Mjerumani aliyekuwa akiishi Kenya, ana 2. Mehta ana 5.

Huyu Mehta alizaliwa Uganda tarehe 20 Juni 1945, katika familia ya Wahindi wenye mashamba. Hela ilikuwepo, tusifichane. Alianza kushindana akiwa na miaka 21, kwenye usukani wa BMW. Umri huo wengi wetu tunahesabu siku za boom kuingia, yeye anapasha injini. Lakini BMW siyo iliyompa jina. Alipohamia Datsun ndipo watu walipoanza kumwangalia vizuri. Mwaka 1971, akiwa na msoma ramani Mike Doughty ndani ya Datsun 240Z, alimaliza wa pili nyuma ya Herrmann aliyekuwa na gari la aina hiyo hiyo. Alikuwa bado hajatimiza miaka 26.

Halafu ukaja mwaka 1972. Tarehe 4 Agosti, Idi Amin alitangaza kwamba Waasia lazima waondoke Uganda, na akawapa siku 90. Shuleni tulisoma habari hiyo kwa mistari michache: Amin aliwafukuza Waasia, uchumi ukaanguka, swali linalofuata. Kwenye ile mistari hakuna mtu mwenye jina. Mehta alikuwa mmoja wao. Familia yake ikaiacha nchi aliyozaliwa, ikahamia Kenya. Jiwekee mwenyewe picha: una miaka 27, umezaliwa mahali, marafiki zako wako hapo, njia ulizojifunzia kuendesha ziko hapo, na mtu mmoja anasimama redioni anakwambia wewe siyo wa hapa.

Miezi minane tu baadaye, Pasaka ya 1973, Mehta alikuwa tena kwenye mstari wa kuanzia. Huo ndio mwaka ubingwa wa dunia wa rali ulianzishwa rasmi, na Safari ikawa mojawapo ya mashindano yake. Alikuwa na 240Z, injini ya silinda sita, msoma ramani akiwa Lofty Drews. Mashindano yalipokwisha, hesabu zikaonyesha kitu ambacho hakijazoeleka. Mehta alikuwa na pointi 406 za adhabu. Harry Källström wa Sweden, mwenzake wa timu hiyo hiyo akiwa na Datsun 1800 SSS, naye alikuwa na 406. Baada ya maelfu ya kilomita za tope na vumbi, watu wawili wamelingana kabisa. Ikabidi itumike kanuni ya kuvunja sare: nani alikwenda mbali zaidi tangu mwanzo kabla ya kuandikiwa adhabu. Kwa kanuni hiyo Mehta akawa bingwa.

Baada ya hapo Datsun ikakaukiwa. Joginder Singh wa Kenya, aliyekuwa ameshashinda na Volvo mwaka 1965, akachukua 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Peugeot ikachukua 1975 kwa Ove Andersson na 1978 kwa Jean-Pierre Nicolas. Ford ikachukua 1977 kwa Björn Waldegård. Miaka sita ilipita tangu taji la Mehta, na ingekuwa rahisi kusema lile la 1973 lilikuwa bahati ya kanuni ya sare.

Sasa sikiliza hili. Tarehe 11 Aprili 1979, majeshi ya Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda waliingia Kampala, na utawala wa Amin ukaanguka. Ilikuwa Jumatano ya kuelekea Pasaka. Wikiendi hiyo hiyo ya Pasaka, nchi jirani, Safari Rally ikakimbizwa, na aliyeshinda ni Shekhar Mehta, mtu aliyefukuzwa na Amin miaka saba kabla. Hakuna aliyepanga hivyo. Wanajeshi wetu hawakuwa wanapigania rali, wala Mehta hakuwa anapigana vita. Lakini mimi kila nikiziweka tarehe hizo mbili pamoja, ile mistari michache ya shuleni inapata sura ya mtu.

Mwaka huo alikuwa na Datsun 160J, gari la familia ya Violet, dogo na la kawaida kulitazama, silinda nne tu. Nyuma yake akamaliza Hannu Mikkola wa Finland, aliyekuwa na Mercedes kubwa ya lita tano. Mwaka 1980 Mehta akashinda tena, Rauno Aaltonen akiwa wa pili. Mwaka 1981 akashinda tena, wa pili Aaltonen yule yule. Mwaka 1982 akashinda mara ya nne mfululizo, safari hii akimwacha Walter Röhrl wa Ujerumani aliyekuwa na Opel Ascona 400. Miaka yote minne aliyekaa pembeni yake ni Mike Doughty, yule yule wa 1971. Katika miaka yote ambayo Safari imehesabiwa kwenye ubingwa wa dunia, hakuna aliyefikisha mataji matano isipokuwa yeye. Waldegård, aliyemkaribia zaidi, ana manne.

Baadaye Mehta aliendesha na magari mengine, ikiwemo Peugeot. Mara nyingi katika mashindano ya nje msoma ramani wake alikuwa mkewe, Yvonne. Mwaka 1987, kwenye mashindano ya jangwani ya Mafarao nchini Misri, alipata ajali mbaya iliyomaliza kazi yake ya udereva. Hakuuacha mchezo. Akaingia upande wa uongozi, mpaka akafika kuongoza tume ya rali ya FIA, shirikisho la dunia la michezo ya magari. Alifariki London tarehe 12 Aprili 2006, akiwa na miaka 60. Wakati huo Safari ilikuwa imeshatolewa kwenye ubingwa wa dunia baada ya 2002. Ilirudi mwaka 2021, na yeye hakuwepo kuiona ikirudi.

Basi, hayo ni maisha. Sasa tuje kwenye ubishi wenyewe.

Hoja ya kwanza ni ya watu wa Herrmann. Wanasema yeye ndiye aliyeivunjia njia Datsun. Alishinda 1970 na 1600 SSS, halafu 1971 na 240Z, mara mbili mfululizo kwa magari mawili tofauti. Tena ile ya 1971 alimshinda Mehta mwenyewe kwa gari la aina moja. Hiyo hoja ina uzito na sitaipuuza. Aliyefungua mlango ana sifa yake, na mwaka 1971 Herrmann alikuwa bora. Ila swali letu ni la historia nzima ya timu, siyo la mwaka mmoja. Herrmann aliifundisha Datsun kwamba inaweza kushinda. Mehta aliwafundisha wapinzani kwamba Datsun wataikuta mbele kila mwaka.

Hoja ya pili ni ya Källström: pointi 406 kwa 406, tena na gari lenye injini ndogo zaidi. Mwenye kusema kwamba mwaka ule Källström alistahili sawa na Mehta, mimi simbishii. Kama Mehta angeishia hapo, makala hii nisingeiandika.

Hoja ya tatu ndiyo ninayoipenda, ya Rauno Aaltonen. Huyu Mfini alikuwa bingwa wa Ulaya mwaka 1965, alishinda Monte Carlo mwaka 1967, na anaheshimika kama mmoja wa madereva wenye akili zaidi waliowahi kushika usukani. Safari aliitafuta miaka mingi na hakuipata. Watu wake wanasema alikuwa fundi kuliko Mehta, ila hakuwa na bahati. Hapo ndipo ninapokataa. Kwenye mbio za magari ni vigumu kulinganisha watu, maana magari hayalingani. Kipimo cha haki zaidi ni wenzake wa timu moja, gari la aina moja, mafundi wale wale, mvua ile ile. Mwaka 1980 na 1981 Aaltonen na Mehta walikuwa kwenye kipimo hicho. Majibu yalitoka mara mbili, na mara zote mbili yalikuwa yale yale. Bahati mara moja, sawa. Mara mbili, ukijumlisha na mwaka uliotangulia na uliofuata, hiyo tena ni kazi.

Hoja ya nne ni ya wale wanaosema Mehta alikuwa bingwa wa nyumbani tu. Ni kweli, mataji yake yote matano ya ubingwa wa dunia ni ya Safari, kwingine hakushinda. Lakini kama unyumbani ungetosha, madereva wengine wa Afrika Mashariki walioijua njia ile nao wangeshinda mara nne mfululizo. Na swali letu linahusu Safari. Huwezi kumnyima mvuvi wa delta sifa yake kwa sababu hajawahi kuvua Ziwa Victoria.

Hoja ya tano ni ya hela, na hii kwenye chuo chetu haikosi kutajwa: mtoto wa tajiri, alinunuliwa njia. Kuingia kwenye mchezo, ndiyo, hela ilimsaidia. Kijana maskini wa Kampala mwaka 1966 asingepata BMW ya kujifunzia, na hilo ni jambo la kusikitisha katika historia ya rali yetu yote, si la Mehta peke yake. Ila mwaka 1972 ilionekana wazi kwamba utajiri nao unaweza kuondolewa kwa tangazo moja. Kilichobaki ni kile alichokuwa nacho kichwani na mikononi, na mataji yote matano yalikuja baada ya hapo.

Nimeacha mwisho hoja ambayo haisemwi kwa sauti, lakini nimeisikia: kwamba huyu siyo wetu, ni Mhindi. Mimi nasomea ualimu, na hoja hii naiogopa kuliko nyingine zote. Aliyezaliwa Uganda, akaishi Kenya, akashinda kwenye mashindano makubwa kuliko yote ya eneo letu, tukimwambia siyo wetu tutakuwa tunarudia tangazo la 1972 kwa maneno ya upole. Mfini akishinda Safari tunampigia makofi kama mgeni wetu. Mtu wa Afrika Mashariki akishinda mara tano tunaanza kukagua ngozi? Pwani yetu hii, yenye majina ya Kiarabu, Kihindi, Kimakonde na Kindengereko kwenye rejista moja ya darasa, ndiyo ingepaswa kuwa ya mwisho kuuliza swali hilo.

Kuna sababu nyingine inayonifanya nimshike Mehta. Mdogo wangu anaendesha bodaboda kati ya Bungu na Nyamisati, anawahisha abiria wa boti za Mafia. Sifa anayopewa na wenzake ni moja tu: anawahi. Nikiwa chuoni simu ya nyumbani ikilia usiku, roho huwa inanipasuka kabla sijapokea. Vijana wetu wanaamini dereva bora ni anayekanyaga zaidi, na hospitali zetu zina vitanda vinavyolijibu hilo. Safari haikumpa taji anayekanyaga zaidi. Ilimpa aliyefika akiwa na adhabu chache. Mikkola alikuwa na injini kubwa kuliko ya Mehta, lakini taji likaenda kwa aliyejua wapi pa kukimbiza na wapi pa kulihurumia gari, kwa sababu kesho yake lilihitajika tena.

Hiyo akili wazee wetu wa delta wanayo. Nahodha wa Mbwera hashindani na maji. Anajua saa ya kujaa na saa ya kupwa, anaujua mkondo unaopitika na ule utakaomwacha kwenye matope ya mikoko mpaka maji yarudi. Anayemcheka kwa kusubiri, mara nyingi humkuta mbele, akiwa amekwama. Nikisoma habari za Mehta, miaka minne mfululizo bila kuvunja gari mahali ambapo kila mtu anavunja, namwona nahodha wa namna hiyo. Nilimweleza hivyo mdogo wangu likizo iliyopita, pamoja na hadithi ya zile 406. Aliuliza swali moja tu: kwa hiyo ukichelewa kidogo kila kituo unaweza kushinda? Nikamwambia ndiyo, mradi ufike vituo vyote.

Nikipangiwa mazoezi ya kufundisha wilaya ya kwetu, kipindi kitakachogusa mwaka 1972 nimeshakiandaa kichwani. Nitaandika ubaoni tarehe tatu: 4 Agosti 1972, Pasaka ya 1973, na 11 Aprili 1979. Halafu nitawaomba wanafunzi waniambie mtu aliyepita kwenye tarehe zote hizo ni wa nchi gani, na wajieleze. Sitegemei wakubaliane.

Kura yangu nimeshapiga. Watu wa Herrmann na watu wa Aaltonen, mhariri kaniahidi nafasi ya majibu toleo lijalo. Njooni na hesabu.